Do Iko Wapi? Kusoma Armatura katika Kwaya za Maniema

Mhadhara kwa walimu wa kwaya wa Kasongo na Kabambare, uliotolewa Nyangwe

Mababa mapadri, masista, wachungaji, shehe na walimu wa madrasa mliokubali mwaliko wetu, na ninyi walimu wa kwaya mliokuja kwa pikipiki na kwa mtumbwi: karibuni Nyangwe. Nimeombwa nizungumze juu ya zile alama chache zinazokaa mwanzoni mwa mstari wa noti, mara tu baada ya ufunguo wa sol au wa fa. Waliotufundisha solfeji kwa Kifaransa huziita armatura, nami nitatumia jina hilo. Ni alama ndogo, na wengi wetu tunazipita tukikimbilia noti yenyewe. Nataka leo tusizipite.

Nianze na karatasi, kwa sababu tatizo letu kubwa limo humo. Nyimbo nyingi za Kiswahili tunazozipenda zimetungwa Tanzania. Zinavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie au Uvira, zinaingia Kabambare ndani ya simu ya mwanakwaya, kisha zinapigwa fotokopi mpaka wino unafifia. Juu kabisa, pembeni, pameandikwa Do = F au Do = Bb. Chini yake mara nyingi hakuna mistari mitano. Kuna herufi tu, d, m, s, na nukta pacha kati ya mapigo, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine. Mwalimu aliyesoma solfeji kwa mapadri anaona d, anaenda kwenye kinanda, anabonyeza do. Kwaya inaanza chini mno. Besi wanatafuta sauti wasizonazo, na soprano wanaimba kwa kifua mahali palipotakiwa kung'aa. Jumapili inayofuata mtu anapendekeza wapandishe kidogo, wanapandisha kwa kukisia, na safari hii waimbaji wa tena ndio wanaoumia koo.

Mwalimu yule ana bidii na ana sikio. Amefundishwa do moja, na karatasi iliyo mkononi mwake inasema habari za do nyingine.

Ziko mbili kweli, na zina historia. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, akapata ut, re, mi, fa, sol, la. Kwake ut ilikuwa nafasi katika ngazi, na ngazi yenyewe iliweza kuanzia mahali tofauti. Baadaye Wafaransa walizifunga silabi hizo kwenye sauti za kudumu: do, ile ut ya Guido, ikawa ufunguo mmoja tu wa kinanda, daima ule ule. Wabelgiji wakafuata, na ndivyo ilivyofika Kongo. Huko Uingereza mambo yalikwenda njia nyingine. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, alirudi kwenye do inayohama ili watoto waweze kuimba mapema. Mchungaji John Curwen, aliyeishi kati ya 1816 na 1880, akauchukua utaratibu huo, akautengeneza na kuueneza, na wamisionari wakaubeba hadi Afrika. Katika herufi zao si inaitwa ti, kwa sababu s tayari ni ya sol. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wake wa kuiombea Afrika na kuuandika kwa herufi hizo hizo, ukiwa katika si bemoli meja. Watanzania wanauimba hadi leo kama wimbo wao wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo karatasi zenye herufi zinazotufikia kutoka ng'ambo ya ziwa ni za ukoo mmoja na wimbo huo mkubwa.

Ili tusichanganyikiwe, katika mhadhara huu nitasema do ya kinanda ninapotaja ile isiyohama, na do ya ngazi ninapotaja ile inayohama. Na herufi kubwa za Watanzania ni majina ya kinanda tu: A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol. Tunachokiita dieze wao huita shapu, na bemoli huita flati. Mwenye kitabu cha zamani cha Wajerumani aangalie: Wajerumani wakiandika B wanamaanisha si bemoli, na si yenyewe huiita H.

Basi Do = F inasema kwamba do ya ngazi imekaa kwenye fa ya kinanda. Armatura inasema jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba armatura haihitaji kukaririwa kama jedwali la shule. Ni jibu la swali moja: do ya ngazi iko wapi? Nitaonyesha jinsi jibu hilo linavyopatikana kwa sauti zetu wenyewe, bila jedwali.

Ngazi ya meja ina hatua saba kabla ya kurudi ilikoanza, na hatua hizo hazilingani. Mbili kati yake ni fupi, nusu toni: ile ya kutoka mi kwenda fa, na ile ya kutoka si kwenda do. Nyingine zote ni toni nzima. Imbeni polepole, do, re, mi, fa, mkisimama kwenye mi. Mtasikia fa iko karibu kabisa. Endeleeni hadi si, simameni, na mtasikia koo lenyewe linaitaka do. Mwanakwaya asiyewahi kusikia hatua hizi mbili fupi msimpe armatura bado. Atajifunza kuhesabu alama, na hesabu hiyo haitamsaidia kuimba.

Sasa twendeni kwenye kinanda, tuanze ngazi kwenye sol, tukitumia funguo nyeupe tu. Sol kwenda la ni toni. La kwenda si ni toni. Si kwenda do ni nusu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu tuko kati ya hatua ya tatu na ya nne. Do kwenda re, toni; re kwenda mi, toni. Hapo ndipo mambo yanapoharibika: mi kwenda fa ni nusu, lakini ngazi inataka toni nzima, kisha fa kwenda sol ni toni, lakini ngazi inataka nusu. Makosa mawili yamefuatana. Tukipandisha fa kwa nusu toni, yote mawili yanatibiwa kwa mkupuo mmoja. Fa imekuwa dieze. Na kwa kuwa kila fa katika wimbo huo itapandishwa, mwandishi haisumbui kalamu yake kila mara: anaweka dieze moja mwanzoni, juu ya mstari wa tano ambao ndio mstari wa fa katika ufunguo wa sol, na imetosha. Armatura ya kwanza mmeizaa ninyi wenyewe.

Endeleeni vivyo hivyo kutoka re. Fa dieze mtaihitaji tena, na safari hii do nayo itabidi ipande. Kutoka la mtaongeza sol. Kila mnapopanda hatua tano, dieze moja inaongezeka, na zile za zamani zinabaki mahali pake. Ndiyo sababu mpangilio wa dieze haubadiliki kamwe: fa, do, sol, re, la, mi, si. Hamtaona armatura yenye sol dieze bila fa na do kutangulia.

Bemoli huzaliwa upande wa pili. Anzeni kwenye fa. Fa, sol, la: toni mbili, vizuri. La kwenda si ni toni, na sisi tunataka nusu; si kwenda do ni nusu, na sisi tunataka toni. Safari hii tiba ni kuishusha si. Bemoli moja, kwenye mstari wa tatu. Ukishuka tena hatua tano unafika si bemoli yenyewe, na unahitaji mi bemoli. Mpangilio wao ni ule wa dieze uliogeuzwa: si, mi, la, re, sol, do, fa. Dieze zaweza kufika saba, bemoli saba, na ile tupu isiyo na kitu ni ya kumi na tano. Walimu wengine huwapa watoto zote kumi na tano ubaoni siku moja. Mimi napinga jambo hilo kwa moyo wote. Mpe mtoto ile tupu, ya sol na ya fa, aziimbe mwaka mzima ikibidi, na jirani zake zitakuja zenyewe.

Sasa tazameni kilichotokea, kwa maana hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Kila tulipoongeza dieze mpya, tuliiweka kwenye hatua ya saba ya ngazi. Dieze ya mwisho katika armatura, ile ya kulia kabisa, daima ni si ya ngazi, ile t ya Watanzania. Na kila tulipoongeza bemoli mpya, tuliiweka kwenye hatua ya nne: bemoli ya mwisho daima ni fa ya ngazi. Kwa hiyo mkiona dieze, shikeni ya mwisho, iiteni si, pandeni nusu toni, mmefika do. Dieze tatu: ya mwisho ni sol dieze, nusu toni juu yake ni la, basi do ya ngazi iko kwenye la. Mkiona bemoli, shikeni ya mwisho, iiteni fa, shukeni fa, mi, re, do. Bemoli tatu: ya mwisho ni la bemoli; shuka sol, fa, mi bemoli, na hapo ndipo do ilipo.

Shuleni hufundishwa kwamba bemoli inayotangulia ya mwisho ndiyo jina la toni. Ni kweli, na ni njia ya haraka. Lakini inashindwa kwenye armatura yenye bemoli moja, kwa sababu hakuna inayotangulia, na mwanafunzi anaambiwa akariri hiyo moja peke yake. Mwenye kuita bemoli ya mwisho fa hahitaji kukariri lolote. Si bemoli ni fa. Anashuka la, sol, fa. Do ya ngazi iko kwenye fa ya kinanda. Do = F. Karatasi ya Kigoma na kitabu cha padri Mbelgiji vimekutana.

Limebaki swali ambalo armatura peke yake haiwezi kulijibu. Kila armatura ina watu wawili ndani yake, meja na maina. Bemoli mbili zaweza kuwa si bemoli meja, na zaweza kuwa sol maina, kwa maana maina hukaa kwenye la ya ngazi ile ile, toni moja na nusu chini ya do. Wimbo wa taifa wa Kenya, ambao mwaka 1963 ulitengenezwa kutoka wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, uko katika maina. Usikilizeni unapotulia mwishoni: mahali pake pa kupumzika siyo do ya ngazi. Basi kwanza tazama noti ya mwisho ya besi, maana besi hukaa nyumbani wimbo unapoisha. Kisha tafuta ndani ya wimbo hatua ya saba iliyopandishwa. Katika bemoli mbili, ukikuta fa dieze inarudi mara kwa mara karibu na sol, huyo ni sol maina anayejitengenezea njia ya kufika kwake. Ukikosa alama hiyo, usikate shauri upesi. Imba sauti ya besi mstari mzima, sikio litaamua.

Mtu ataniuliza, mbona vinanda vya siku hizi vina kitufe cha kuhamisha toni? Mpigaji anacheza kila wimbo kwa funguo nyeupe, anabonyeza kitufe mara mbili au tatu, na kwaya inaendelea. Nawajua vijana wenye vidole vyepesi kabisa wanaofanya hivyo, na sipuuzi kipaji chao. Lakini kitufe kinajua kuhamisha tu, hakijui kuhamia wapi. Anayekibonyeza anatakiwa kuwa tayari ameshasoma armatura. Tena iko siku betri ya sola inaisha katikati ya misa, kinanda kinanyamaza, na kilichobaki ni diapazoni mfukoni mwa mwalimu.

Tuitumie hiyo diapazoni hapa. Igonge gotini, iweke karibu na sikio: inatoa la, mitetemo 440 kwa sekunde. Mbele yako kuna wimbo wenye bemoli mbili, nao ni wa meja. Bemoli ya mwisho, mi bemoli, ni fa ya ngazi. Ukishuka re na do unafika si bemoli. Si bemoli iko nusu toni juu ya la. Basi ichukue la ya diapazoni kama si ya ngazi, panda kama koo linavyotaka, na hapo ndipo do. Wape soprano sol, alto mi, tena do, besi do ya chini, au kama ukurasa unavyosema. Kwa wimbo wenye dieze moja, la ile ile inakuwa re ya ngazi: shuka toni moja, umepata do. Kwa wenye bemoli moja inakuwa mi. Mwalimu anayejua la yake ni nani katika kila armatura haogopi kinanda kuzimika, na hakuna zoezi ninalolipenda kuliko hilo kwa sababu linalazimisha jicho na sikio vifanye kazi pamoja.

Kuna nyimbo zinazohama nyumba katikati. Wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, kama ulivyopangwa mwaka 1997, unaanza na sehemu ya Sontonga katika sol meja, kisha unahamia re meja. Katika mistari mitano, mahali pa kuhamia panawekwa pau mbili na armatura mpya yenye dieze mbili badala ya moja. Katika herufi, Watanzania huandika s ndogo juu ya d: imba sauti uliyoijua kama sol, lakini kuanzia sasa iite do. Mkikutana na herufi mbili namna hiyo msidhani ni kosa la fotokopi.

Nilisema shehe yuko nasi, na sikumwalika kwa adabu tu. Nyangwe inatajwa vitabuni kwa soko lake na kwa damu iliyomwagika sokoni humo tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akishuhudia. Watu wa pwani waliofika hapa na kwa Tippu Tip kule Kasongo walileta bunduki na biashara ya watumwa, na walileta pia Kiswahili, adhana na maulidi. Masikio ya Maniema yamelelewa na sauti hizo muda mrefu kabla ya harmoniamu ya kwanza ya misheni. Na makamu, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, zina sauti ambazo armatura zetu kumi na tano hazina nafasi yake. Katika rast, mojawapo ya makamu hizo, ikianzia do, mi na si hushushwa kwa robo toni hivi, si kwa nusu. Kinanda cha kanisani hakina ufunguo wa sauti hiyo. Waandishi wa noti wa Misri wana alama yake, bemoli iliyokatwa kwa kistari, nao huiweka kwenye armatura kama alama nyingine. Mambo ya namna hii yalijadiliwa kwa urefu katika mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932. Zanzibar, ambako inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, na ambako kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kimekuwepo tangu 1905, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha makamu na armatura za Ulaya chini ya paa moja tangu 2002. Kwa hiyo mtoto aliyesoma madrasa akija kwaya na kuimba mi iliyo chini kidogo, msimwambie hana sikio. Analo, na limefundishwa vizuri. Mwonyesheni tu kwamba wimbo huu unataka mi nyingine.

Na wale mnaotaka kuandika nyimbo za wazee, nina jambo moja la mwisho. Tuseme bibi amekuimbia wimbo wenye sauti tano tu: do, re, mi, sol, la. Hauna fa, hauna si. Zile hatua mbili fupi tulizozitumia kutafuta do hazimo. Sauti hizo tano zinaenea katika ngazi ya do, zinaenea katika ya fa, zinaenea katika ya sol, bila kubadilisha hata noti moja. Wimbo wa bibi peke yake hauchagui armatura. Anayechagua ni wewe, siku utakapoongeza alto na besi, kwa sababu wao wataihitaji fa au si, na mara tu wanapoiimba wimbo umepewa makazi. Chukueni basi wimbo mmoja wa namna hiyo kutoka kijiji chenu, uandikeni mara tatu, bila alama, kwa dieze moja, na kwa bemoli moja, tieni sauti nne kila mara, mwimbieni aliyewafundisha wimbo huo, mumsikilize atasema upi ni wake.